Nusu ya Chungu

Kambini, Jumanne 3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika mzima, ukiondoa makalio, ambayo yalisafiri juu ya mapipa ya maji na bado hayajanisamehe. Simu huku ni tochi tu. Mtandao ulikata tamaa mlima ulipoanza. Dereva wa lori la maji hushuka mjini mara mbili kwa wiki na amekubali kuwa posta yetu. Ni kijana mcheshi, ana maoni juu ya kila bahasha.

Nimepewa Shimo la Pili, ndani ya kuta za ile nyumba ya mawe. Ndilo shimo la tasnifu yetu: mimi nichimbe, wewe usome, majina mawili juu ya jalada moja. Mwalimu Brashi (jina amelistahili, jana alipangusa makombo ya mkate mezani kwa brashi ya kuchimbia) alitukalisha akatupa sheria. Shimoni ni penseli tu, kalamu ya wino marufuku, maana wino ukilowa unakimbia na habari zote. Kigae kisitoke bila namba. Ya mwisho ndiyo iliyonikaa: mchimbaji mwungwana, kabla hajalifukia shimo lake, huacha chini kabisa kitu cha zama zake, kifungo, sarafu, chochote, ili atakayekuja kuchimba baadaye ajue kuwa ametanguliwa. "Ni salamu," alisema. "Tena ni onyo."

Sisi hatujatanguliwa na mtu. Mwalimu anaapa kilima hiki hakijawahi kuguswa.

Na jana nimepata chungu! Samahani, nilijiahidi nisipige kelele. Nusu ya chungu, pembeni ya mafiga. Nusu nyingine haionekani. Kimelala kwa ubavu, vitu vimetapanyika kukizunguka kana kwamba mtu aliinuka akatimua mbio. Mwalimu ameruhusu nikuletee kipande cha mdomo wa chungu, chenye namba, ukilinganishe na vilivyomo kwenye stoo ya chuo. Kishike kama yai.

Naogopa, Shangazi. Kila nikitia mwiko wa kuchimbia naona kama nachana ukurasa ambao hakuna atakayeusoma tena.

Mwanao.


Mjini, Jumatatu 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka dizeli. Huyo posta wenu aliileta hadi mlangoni, akanywa chai yangu, akaisifu cherehani yangu, akasema una mwandiko wa mtu mwaminifu. Nimekuwa fundi nguo tangu hujazaliwa. Kijana anayesifu cherehani hakuja kwa ajili ya cherehani.

Kipande nimekipokea. Stoo yenyewe iko chini ya ngazi, ina balbu moja, na masanduku yamepandana hadi darini. Mtunzaji wake ni bibi anayelala macho wazi. Nimemwambia natafuta chungu, akanielekeza jikoni kwa wapishi. Tutaelewana.

Ila nusu ya chungu chako imeninyima usingizi kwa furaha. Fikiri: mwanamke anapohama kwa hiari yake, chungu ndicho hubeba kwanza, tena kichwani. Haachi chungu kimelala ubavu mpaka kinachomfukuza kiwe na miguu. Nimekwisha andika sura ya tatu, nimeiita "Waliondoka Ghafla". Ni sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na usemi huo haunitoki kirahisi.

Baba yako alipita juzi. Kauliza tutasoma udongo mpaka lini, maana ipo siku udongo utatusoma sisi. Nikamwambia, kaka, wewe utasomwa ukurasa mmoja tu, una mambo machache. Akacheka, akala, akaondoka.

Sasa hili nakuambia mimi, kabla yeye hajakuletea likiwa na chumvi. Ofisi ya chuo imenikumbusha kwamba mwaka huu ndio wa mwisho wangu. Ile miaka niliyokaa nyumbani kumuuguza bibi yako wameihesabu kama miaka ya masomo. Tasnifu isipopita safari hii, jina langu linafutwa, na katika umri wangu hawaniandiki tena. Sikuambii ili nikutie hofu. Nimeanza hata kukata joho langu. Fundi hakodi nguo.

Dereva anasema bado unatafuna. Darasani vifuniko vya kalamu ulivyovitafuna vingejaza debe. Penseli ni mti, mwanangu, si muwa.

Shangazi yako, mwanafunzi mwenzako.


Kambini, Jumapili 15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa na afya. Kumbe mwaka wa mwisho. Mbona hukuniambia tulipokuwa tunagawana kazi? Ningechagua mimi masanduku, wewe ukachimba. Mkono wako hautetemeki hata sindano ikiingia kidoleni.

Kazi inaenda. Inaenda haraka, hata. Wenzangu wa Shimo la Kwanza wanagonga udongo kama wanagonga mlango wa mdeni, mimi wangu ni laini, nachota tu, kama wa bustani. Wananionea wivu. Mpishi kasema mimi udongo unanipenda. Mwalimu anapita, anainama, anaufinya kwa vidole, anaenda zake.

Sura ya tatu umeshaikabidhi kwa mtu? Nauliza tu.

Kutafuna nimeacha.

Mwanao.


Mjini, Ijumaa 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sura nimeikabidhi kamati Jumatano. Ningejua ungeuliza, ningengoja.

Stoo haina kitu. Vumbi, panya, na masanduku ya watu waliokwisha staafu. Usihangaike kunitumia kipande kingine. Hiki kimoja kinatosha.

Huo udongo laini, ni laini mpaka chini? Nauliza tu, kama ulivyouliza.

Kula. Usichimbe kwa pupa.

Shangazi.


Kambini, Jumanne 24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwema, hakuna jipya. Shimo limefika kwenye mwamba, hakuna pa kuchimba tena. Sasa nachora kuta.

Kuna rafiki yangu wa Shimo la Kwanza ana swali. Watu wawili wakiandika tasnifu ya pamoja, kisha mmoja akaharibu kazi yake kwa uzembe akajitoa, yule wa pili anaruhusiwa kumaliza peke yake? Wewe una kile kitabu cha kanuni. Jibu ukipata nafasi, hana haraka. Ila akijua wiki hii atashukuru.

Mwanao.


Mjini, Ijumaa 27 Juni

Mwanangu,

Mimi nina umri wa kuwajua marafiki wa namna hiyo. Wote huwa na pua ya muulizaji.

Nini kimekupata? Nimemweka dereva kwenye kigoda nikamhoji kama hakimu. Nimemuuliza ana nia gani na wewe. Chai ilimpalia. Anasema ana mchumba, na kwamba wewe hujamwambia neno tangu wiki iliyopita, hata maji unaomba kwa ishara. Nimemwamini, maana aliondoka bila kuisifu cherehani.

Kama ni homa, shuka. Kama ni mtu amekukosea, mtaje. Kama umeharibu kitu, sema ni kitu gani. Mimi nimewahi kukata suruali ya bwana harusi miguu miwili ya kushoto, na harusi ilifungwa.

Kanuni inasema mkiandika wawili mnasimama wawili. Mwambie rafiki yako.

Shangazi.


Kambini, Jumapili 29 Juni

Mama,

Nakuandikia kwa heshima, wewe ukiwa mwanafunzi wangu kwa mujibu wa karatasi na mkubwa wangu kwa mujibu wa miaka.

Mpwa wako hali chakula vizuri. Alikuwa wa kwanza kushuka shimoni asubuhi, sasa anaomba kukaa kwenye chekecheo la udongo na wageni wa mwaka wa kwanza. Jana alinifuata akaniomba nimwandike kuwa ameharibu Shimo la Pili kwa uzembe, jina lake liondolewe kwenye tasnifu, wewe uendelee kwa nyaraka peke yako. Nimelikagua shimo. Kuta zake zimenyooka kuliko zote kambini. Nimemuuliza ameharibu nini, akasema, "Mwalimu, we andika tu."

Sijaandika. Kamati imeipenda sana sura yenu ya tatu na inataka kazi yote mwisho wa Julai. Sipendi kuingilia mambo ya shangazi na mpwa, ila nadhani kuna jambo analijua ambalo mimi silijui, na huenda wewe unalijua.

Mwalimu wenu.


Kambini, Jumanne 1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa umekaa.

Wiki ile nilipokuambia hakuna jipya, nilikuwa nimepata kitu. Chini kabisa, juu ya mwamba, palikuwa na jiwe bapa dogo, na juu ya jiwe pamewekwa kifuniko cha kalamu. Cha plastiki, cha buluu. Hakikuanguka pale, kilikuwa kimesimamishwa, mdomo chini, kama kikombe kilichooshwa. Na ncha yake imetafunwa.

Kwanza nilidhani ni changu. Nilishika meno yangu, Shangazi, kama vile meno yangejibu. Lakini kalamu hatuingii nazo shimoni, na kilikuwa chini ya udongo wote nilioutoa kwa mkono wangu. Kuna mtu alilichimba shimo hili, akalifukia, akaacha salamu. Ndiyo maana udongo ni laini. Ndiyo maana vitu vimetapanyika: hakuna aliyekimbia, vilirudishwa kwa koleo. Wale wa mafiga yale huenda walihama taratibu, wakaaga majirani mlango kwa mlango. Sura ya tatu ni uongo, na habari zake nilikupa mimi.

Ubaya ni kwamba naweza kunyamaza. Kambi nzima inajua natafuna. Hata kikionekana, watasema kimenidondoka mdomoni, watacheka, basi. Nilikitia kwenye soksi. Natembea nacho tangu siku ile, kinanichoma kifundoni kila hatua.

Nilitaka kujitoa ili aibu iwe yangu, wewe ubaki na mwaka wako. Mwalimu kakataa, na kanuni yako imekataa. Sasa imebaki njia moja tu yenye joho, nayo ni kunyamaza. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza mpaka nizeeke. Ukisema niseme, nitasema leo hiyohiyo. Mimi siwezi kuchagua. Nimejaribu.

Mwanao.


Mjini, Jumatano 2 Julai

Mwanangu,

Dereva yuko mlangoni anahema. Amenipa bahasha yako, nami nimeiweka chini ya pasi bila kuifungua, na sitaifungua mpaka hii yangu imeondoka. Nikiisoma kwanza nitapata kisingizio cha kutosema ninachotaka kusema, nami visingizio huvinusa mbali.

Nilikudanganya. Stoo ina kitu.

Siku ileile niliyopanga kukuandikia furaha, niliondoa masanduku mawili nikafika la tatu, lisilo na jina wala namba. Ndani vigae vimefungwa kwenye magazeti, kwa haraka, kama samaki. Cha kwanza nilichokifungua kilikuwa mdomo wa chungu. Nikakitoa kipande chako, nikavikutanisha. Mwanangu, nimeunganisha vitambaa maisha yangu yote, lakini sijaona mshono kama ule. Viliingiana mpaka ule ufa ukapotea. Chungu kimoja. Nusu yako ilikuwa kilimani, nusu yangu chini ya ngazi, na katikati yao kuna mtu aliyefika kwenye mafiga yale kabla yako.

Nikakaa juu ya sanduku. Sura ilikuwa imekwenda kwa kamati asubuhi ile. Nikafikiria joho. Nikafikiria wewe, ulivyofurahi ukajikataza kelele mwenyewe kwenye barua. Nikaifunga ile nusu kwenye kipande cha kitambaa cha joho, nikaitia mkobani, nikatoka. Bibi wa stoo akaniambia, "Umepata chungu?" Nikasema sijapata. Akasema, "Pole." Tangu hapo nakwenda sokoni na kigae cha watu kwapani kama mwizi aliyeiba asichoweza kukiuza.

Nilijidai nakulinda. Kisha Mwalimu kaniandikia kwamba huli, na unaomba uitwe mzembe ili mimi nivae nguo nyeusi. Hapo nikaelewa kwamba joho langu limekukalia wewe kifuani. Nguo ikimbana mtu, fundi hamwambii mtu apungue.

Sijui unaficha nini. Ila mimi nakuambia: shimo lako lilichimbwa. Si kosa lako. Nenda kwa Mwalimu leo, mwambie nimepata nusu ya pili, na kwamba keshokutwa naipeleka kwa kamati kwa mikono yangu. Majoho nimeshona mengi ambayo wenyewe hawakuyavaa. Moja zaidi halitanivunja vidole.

Dereva anasema maji yanachelewa.

Shangazi yako.


Kambini, Jumamosi 5 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Dereva anasema alipofika na barua yako nilikaa chini palepale barabarani, ikambidi alizungushe lori. Mimi sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilisoma "shimo lako lilichimbwa", nikavua soksi.

Nilikwenda kwa Mwalimu mguu mmoja una soksi. Nikampa kifuniko, nikampa na barua yako. Alisoma, akaenda ukingoni mwa Shimo la Pili, akakaa miguu ikining'inia. Muda wote huo alikuwa anasafisha miwani yake kwa brashi. Nilidhani atanifukuza. Kumbe na yeye, ule udongo alipoufinya, alishuku. Lakini alikuwa ameshasema kilima hakijaguswa mbele ya watu wengi, akajiambia labda ni mvua.

"Tulikuwa watatu," akasema, "kila mmoja amekaa na kipande chake."

Kisha akakileta kifuniko karibu na jicho, akatazama alama za meno. "Huyu alikuwa na mtihani," akasema.

Nikacheka, Shangazi. Nilicheka mpaka mpishi akaja kuangalia nani anakufa.

Lakini sasa hofu imerudi, imebadilisha nguo tu. Mwalimu anaweza kuiandikia kamati, hawezi kuiamulia. Tarehe haisogei. Tunafukia shimo Jumamosi ijayo. Anauliza tutaacha nini chini kabisa. Nimemwambia nitakuuliza.

Ulifika kwa kamati? Walisemaje? Andika hata kama ni vibaya. Hasa kama ni vibaya.

Mwanao.


Mjini, Alhamisi 10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Yako ya chini ya pasi nimeisoma pia. Mtoto mzima, na kifuniko kwenye soksi. Mimi mzee, na kigae kwapani. Baba yako nilipomsimulia alisema ukoo wetu ungekuwa na majambazi, polisi wangepumzika.

Nilikwenda kwa kamati. Walikuwa wanne, wameketi nyuma ya meza ndefu, na sura ya tatu mbele yao imetiwa alama nzuri pembeni. Nilifungua mkoba, nikaweka mezani ile nusu ya chungu na kipande chako, nikavikutanisha. Mmoja akauliza nani alikivunja. Nikamwambia sijui, ila najua nani alikigawa: ni wanafunzi kama sisi, waliochimba, wakafunga vitu kwenye magazeti, wakaondoka bila kuandika jina wala ripoti. Nikawaambia sura ile niliiita "Waliondoka Ghafla", na bado nasimama nayo. Kuna watu waliondoka pale ghafla. Nilikosea karne tu.

Hakuna aliyecheka, ila mwenyekiti alikohoa kwa muda usio wa kawaida.

Hawakusema ndiyo. Hawakusema hapana. Walisema sura iondolewe, iandikwe nyingine ya namna ya kulitambua shimo lililokwisha chimbwa, na ifike siku ileile waliyopanga. Ikitosha, itatosha. Isipotosha, kanuni ni kanuni. Nimewauliza kama miaka ya kumuuguza mama inaweza kupunguzwa. Wameandika swali langu, na kulijibu hawakulijibu.

Kwa hiyo lete michoro ya kuta zako zote, na maneno uliyoyaona kwa vidole: laini, ngumu, rangi, harufu. Mimi niko chini ya ngazi tangu asubuhi. Bibi wa stoo nilimwomba radhi. Akasema alijua, mtu aliyekosa kitu hatoki akikumbatia mkoba. Sasa ananishikia tochi.

Joho limeisha, isipokuwa pindo. Nimeliacha hivyo, limetundikwa nyuma ya mlango na pini zake. Kila nikipita linanichoma kidogo, nakumbuka kuandika.

Kuhusu cha kuacha shimoni. Ndani ya bahasha hii utakuta subana yangu, kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nikishona. Imetobolewatobolewa na sindano, mwaka wa kutengenezwa umechorwa kwa ndani. Atakayekuja baada yetu asome, asije akajenga sura nzima juu ya matapishi ya koleo letu. Kifuniko Mwalimu akipige picha, akipe namba, kisha mkirudishe juu ya jiwe lake. Yule aliyekiacha ndiye pekee aliyesema kweli mapema katika habari hii yote, na hatumjui hata jina.

Viweke viwili hivyo pamoja, chini kabisa. Na penseli uitoe mdomoni kabla hujainama.

Shangazi yako, mwanafunzi mwenzako mpaka watakapofuta.